Baada ya eTIMS, vocha ina kazi gani?

Tangu Januari 2024 maswali mawili yamekuwa yakizunguka kwenye kaunta za Luthuli Avenue jijini Nairobi, maduka ya vitambaa ya Biashara Street na karakana za samani za Ngong Road. La kwanza: mteja akishalipa kwa M-Pesa na ujumbe ukaingia, risiti ya nini tena? La pili: ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, ikishatolewa, vocha ya nini tena? Mhasibu akiulizwa hutoa jibu moja, wakala wa ushuru hutoa lingine, na muuza programu za hesabu ana la tatu, ambalo kwa kawaida huishia kwenye bei.

Maswali haya yangebaki ya makarani kama yasingekuwa na gharama. Mwishoni mwa 2025 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, ilitangaza kuwa kuanzia Januari 2026 mapato na matumizi yanayoandikwa kwenye ritani za mwaka 2025 yatalinganishwa na data ya eTIMS, ya kodi ya zuio na ya forodha. Tumizi lisiloonekana upande wa pili linaweza kukataliwa, na likikataliwa linatozwa ushuru kana kwamba ni faida.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mkanganyiko umetokana na kuitaka karatasi moja iwajibu watu tofauti. KRA inataka kujua nani alimuuzia nani. Mwenye biashara anataka kujua nani aliruhusu pesa zitoke, na kwa sababu gani. Mhasibu anataka kujua muamala uingie akaunti ipi na mwezi upi. Ankara ya eTIMS inalijibu swali la kwanza vizuri sana. Mengine mawili haiyagusi.

Tulifikaje hapa

Utaratibu wa kuandika muamala kwenye jarida kabla ya kuupeleka kwenye leja ulielezwa kitabuni na Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati, huko Venice mwaka 1494. Alitaja vitabu vitatu: cha kumbukumbu, ambamo mambo ya siku yaliandikwa kama yalivyotokea, jarida, ambamo yalipangwa kwa debiti na krediti, na leja, ambamo kila akaunti ilipewa ukurasa wake. Nairobi iliupokea ustadi huu kwa milango miwili. Serikali ya kikoloni na makampuni ya Kiingereza yalileta vocha yenye namba, saini na mhuri. Wafanyabiashara wa Kigujarati wa Bazaar Street, ambayo leo ndiyo Biashara Street, walikuja na madaftari yao yenye jalada jekundu na mfumo wao wenyewe wa kupanga anayedai na anayedaiwa. KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu iliyoundwa mwaka 1969, iliendeleza ule wa kwanza, na ndio unaofundishwa hadi leo.

Katika mifumo yote miwili ushahidi wa hesabu ulitengenezwa ndani ya biashara. Serikali ilianza kudai ushahidi wake mwenyewe mwaka 2005, ilipowalazimisha waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani kununua mashine za ETR, za kutoa risiti za ushuru. Wafanyabiashara wa katikati ya jiji walizipinga, hasa kwa sababu ya bei. Kisha ikaja TIMS, mfumo uliounganisha mashine hizo na kompyuta za KRA moja kwa moja, na Februari 2023 ikaja eTIMS, isiyohitaji mashine: simu au kompyuta inatosha. Sheria ya Fedha ya 2023 ndiyo iliyoupa mfumo huo meno. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, tumizi la biashara lisilo na ankara ya eTIMS halipunguzwi kwenye mapato yanayotozwa ushuru, isipokuwa yale yaliyosamehewa kikanuni. Masharti hayo hayakuwahusu tena waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani peke yao.

Mahakama nazo ziliongeza ukungu. Tarehe 31 Julai 2024, wiki chache baada ya maandamano yaliyouzima Mswada wa Fedha wa mwaka huo, Mahakama ya Rufaa iliitangaza Sheria yote ya Fedha ya 2023 kuwa kinyume cha Katiba. Mahakama ya Juu ilisimamisha uamuzi huo mwezi uliofuata na kuubatilisha tarehe 29 Oktoba. Mfanyabiashara wa Tom Mboya Street aliyeuliza katikati ya mwaka huo kama eTIMS ingalipo au imekufa hakuwa mzembe. Swali lake lilikuwa mbele ya majaji.

Kila karatasi na shughuli yake

Tuchukue mfano wa kawaida. Fundi wa Ngong Road anapokea oda ya kitanda cha shilingi 60,000 kutoka kwa mteja wa Lavington. Mteja anatuma nusu kwa M-Pesa ili mbao zinunuliwe. Ujumbe unasema 30,000 zimeingia, zimetoka kwa nani, saa ngapi, na una namba ya muamala. Hausemi kwamba kitanda bado hakipo.

Kwa mhasibu, jambo hilo ambalo ujumbe hausemi ndilo kubwa kuliko yote. Fundi bado hajauza chochote, anadaiwa kitanda. Ingizo sahihi ni debiti 30,000 kwenye akaunti ya M-Pesa na krediti 30,000 kwenye amana za wateja, ambayo ni deni. Kitanda kikifikishwa Lavington, jarida linaandikwa upya: debiti amana 30,000, debiti mdaiwa 30,000, krediti mauzo 60,000. Mteja akimaliza kulipa, deni lake linafutwa. Vocha ndiyo karatasi inayobeba maelezo hayo: tarehe, akaunti zinazoguswa, kiasi, sababu kwa sentensi moja, jina la aliyeandaa na la aliyeidhinisha, na namba inayoiunganisha na ujumbe wa M-Pesa, ankara au hati ya kupokea mzigo.

Fundi akipokea amana Desemba na kufikisha kitanda Januari, tofauti hii ya amana na mauzo inaamua faida ni ya mwaka gani. Akiwa na oda za namna hiyo ishirini, inaamua pia kama ana pesa au ana madeni yaliyovaa sura ya pesa. Hali hii ya pili ndiyo inayofunga karakana ghafla, mbao za mteja wa leo zikiwa zimenunuliwa kwa amana ya mteja wa kesho.

Wanaosema ankara ya eTIMS inatosha

Hoja yao ina nguvu ya kweli. Ankara hii haitengenezwi na mtu mmoja chumbani kwake. Ina PIN ya ushuru ya muuzaji, maelezo ya bidhaa, bei, kodi, namba ya pekee na msimbo wa mraba ambao mnunuzi anaweza kuuhakiki kwa simu, na nakala yake iko KRA kabla mzozo haujatokea. Vitabu vya risiti vya kununuliwa dukani na kujazwa usiku wa kuamkia ukaguzi vimepoteza soko. Kwa ushahidi wa nje, Nairobi haijawahi kuwa na kitu bora zaidi.

Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba adhabu inampata asiyekosa. Kampuni ya Westlands ikinunua mbao za shilingi 100,000 na muuzaji akakataa kutoa ankara ya eTIMS, ni kampuni inayokataliwa tumizi hilo. Kwa kiwango cha asilimia 30 cha ushuru wa kampuni, inalipa 30,000 zaidi, ingawa mbao zilinunuliwa na viti vikaundwa. Lengo ni kumfanya mnunuzi awe polisi wa muuzaji. Linafanya kazi pale ambapo mnunuzi ana sauti, kama kampuni kubwa inayochagua wauzaji wake. Halifanyi kazi sokoni Marikiti alfajiri, muuzaji akiwa na wateja wengine wanaosubiri nyuma yako.

Udhaifu wa pili hauzungumzwi vya kutosha. Biashara ndogo zenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, inayokokotolewa juu ya mauzo ghafi. Mwenye kibanda anayeuza milioni 4 analipa 120,000, awe alinunua bidhaa za milioni 1 au za milioni 3.9. Ankara ya manunuzi haimpunguzii hata senti. Kwa nini basi apoteze dakika kumi kwa muuzaji wa jumla wa Kamukunji akiidai? Mnyororo wa ankara uliokusudiwa kumfikia kila mtu unakatikia hapo, kwa sababu sheria moja inamwambia adai karatasi na nyingine inamwambia haina thamani kwake.

Tatu, ankara inasema kilichouzwa. Haisemi kama kilikuwa cha biashara. Mafuta ya gari yaliyonunuliwa Waiyaki Way kwa PIN ya kampuni yana ankara safi kabisa, hata kama gari lilikwenda harusini Murang'a.

Wanaosema M-Pesa ndiyo leja yao

Msimamo huu unadharauliwa na wahasibu kuliko unavyostahili. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na zaidi tangu malipo ya namba ya Till yaenee madukani, wafanyabiashara wadogo wa Nairobi wamepata kitu ambacho wazazi wao hawakuwa nacho: orodha ya kila shilingi, kwa tarehe na saa, isiyoweza kuchanwa wala kulowa. Wakopeshaji huiamini taarifa hiyo kuliko daftari la mwenye duka, na wana sababu.

Tatizo ni kwamba orodha hiyo inaonyesha mwendo wa pesa tu. Luthuli Avenue kuna desturi inayojulikana: mteja akiuliza spika ambayo duka halina, muuzaji huichukua duka la jirani. Mteja analipa 18,000 kwenye Till. Dakika tano baadaye 16,500 zinakwenda kwa jirani. Taarifa ya M-Pesa inaonyesha mapato ya 18,000. Je, mauzo ni 18,000, au ni kamisheni ya 1,500? Inategemea makubaliano: kama muuzaji aliinunua spika kisha akaiuza kwa hatari yake, au aliiuza kwa niaba ya mwenzake. Kwa anayelipa kodi ya mauzo, jibu la kwanza ni shilingi 540 za ushuru na la pili ni 45. Kwa muamala mmoja ni senti za chai, lakini duka linaloishi kwa mtindo huo hufanya hivyo mara nyingi kila siku. Sentensi moja kwenye vocha ingemaliza ubishi. Bila sentensi hiyo, anayekagua ataanza na namba kubwa.

Halafu kuna pesa zisizo za biashara kabisa. Mchango wa chama, karo ya mtoto, mkopo kutoka kwa shemeji, vyote vikipitia namba ileile. Mwenye duka anavijua kwa moyo leo. Miezi kumi na minne baadaye hatavijua.

Programu haiondoi uamuzi

Wauzaji wa programu husema jarida limekufa: bonyeza, na debiti na krediti zinajipanga. Ni kweli kwa miamala ya kawaida, na ni nafuu kubwa, maana makosa ya kujumlisha yameisha na urari hutoka papo hapo. Lakini programu inajipanga kwa kanuni ambayo mtu aliichagua siku ya kwanza. Ikiambiwa kila pesa inayoingia ni mauzo, itaziingiza amana za yule fundi kwenye mauzo bila kusita, na urari utalingana vizuri sana. Urari hulinganisha pande mbili. Hauwezi kujua kama akaunti iliyotajwa ndiyo iliyostahili.

Wanaoamini saini

Upande wa pili kabisa wapo wahasibu wa shule ya zamani: hakuna pesa itoke bila vocha yenye saini tatu. Serikali ndiyo ngome yao, na ngome hiyo inaonyesha fadhila na kasoro za msimamo huu kwa pamoja.

Fadhila yake ni kwamba vocha hutenganisha anayeomba, anayeidhinisha na anayelipa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali kuhusu wizara na kaunti, ikiwemo Kaunti ya Nairobi pale City Hall, hulalamika mara kwa mara juu ya matumizi yasiyo na hati za kuyathibitisha na masurufu ambayo hayakurudishiwa hesabu. Mkaguzi huweza kuliona pengo hilo kwa sababu vocha ilitakiwa kuwepo. Pasipo desturi ya vocha, hata kukosekana kwake kusingeonekana.

Kasoro ni kwamba saini huthibitisha kuwa mtu alitia saini, basi. Katika sakata la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, lililolipuka mwaka 2015 kuhusu shilingi milioni 791, malipo yalipitia IFMIS, mfumo rasmi wa malipo ya serikali, na ikadaiwa kuwa nywila za maafisa zilitumiwa na wengine. Hatua zote zilikuwa kwenye rekodi. Lakini rekodi haiendi kutazama kama bidhaa zimefika. Vocha isiyofungamana na kitu cha nje, iwe ankara, hati ya kupokea mzigo au picha ya barabara iliyochimbwa, ni karatasi inayojishuhudia yenyewe.

Na kwa biashara ndogo kuna ukweli wa kuchekesha: mwenye kibanda Kawangware akijiandikia vocha, akajiidhinishia na kujilipa, saini zake tatu zina uzito wa moja.

Mahali ambapo eTIMS haifiki

Kanuni za ankara za kielektroniki za mwaka 2024 ziliorodhesha mambo yasiyohitaji eTIMS: mishahara, bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, riba, tiketi za ndege na mengineyo. Kwenye orodha hiyo kuna masahihisho ya ndani ya hesabu. Msamaha huo ni wa lazima, kwa kuwa masahihisho hayana muuzaji wala mnunuzi. Ila hilo ndilo eneo ambalo vocha ya jarida inabaki kuwa ushahidi pekee.

Uchakavu wa mashine, deni la mteja lisilotarajiwa kulipwa tena, kodi ya pango ya Desemba itakayolipwa Januari, bidhaa ambazo mwenye duka amezipeleka nyumbani kwake, kosa la Machi linalorekebishwa Septemba: hakuna hata kimoja chenye ankara. Kila kimoja kinabadilisha faida. Mtu anayetaka kuongeza au kupunguza faida bila kugusa benki wala kumpigia simu muuzaji yeyote atapita hapa.

Wakazi wa magharibi ya jiji wana mfano ambao hawajausahau. Aprili 2016 Chase Bank, iliyokuwa na makao yake Riverside, iliwekwa chini ya mrasimu baada ya kutolewa matoleo mawili ya hesabu za mwaka 2015 yaliyotofautiana, hasa kuhusu mikopo iliyokwenda kwa watu wa ndani ya benki. Ubishi mkubwa haukuwa kama pesa zilitoka. Ulikuwa juu ya jina la akaunti: je, hizi ni mali za benki zilizowekezwa kwa utaratibu wa fedha wa Kiislamu, au ni mikopo kwa wakurugenzi? Wenye akiba walipanga foleni kwa sababu ya swali ambalo, mwishowe, ni la jarida: debiti iende wapi. Hakuna mashine ya ushuru inayouliza swali hilo.

Kupima

Ukubwa wa biashara unabadilisha jibu, na ushauri wa jumla unaotolewa kwa wote ndio unaowachosha watu.

Kwa mtu mmoja mwenye kibanda, vocha ya saini ni mzigo bure. Anahitaji Till isiyochanganywa na pesa za nyumbani, ankara ya eTIMS kwa kila anachouza, na daftari la mstari mmoja kwa kila pesa inayoingia au kutoka isiyo ya kuuza wala kununua bidhaa. Mstari huo ndio vocha yake. Anaweza kuuandika kwa Kiswahili bila woga: Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inadai rekodi zitunzwe kwa mojawapo ya lugha rasmi, kwa miaka 5. Apige na picha za risiti zake, kwani zile za mashine huanza kufifia mapema kuliko miaka hiyo.

Pesa zikianza kupita mikononi mwa mtu mwingine, hali inageuka. Karakana yenye karani, mkahawa wenye msimamizi, duka lenye matawi Westlands na Moi Avenue: hapo vocha ya malipo inarudi na sababu yake ya asili, kwamba anayeomba pesa asiwe ndiye anayeziidhinisha. Itagharimu muda, na mfanyakazi atalalamika kwamba anajaza karatasi kwa ajili ya nauli ya bodaboda. Kuweka kiwango, kwa mfano malipo yote ya chini ya shilingi elfu moja yaandikwe kwa pamoja kila jioni, kunapunguza usumbufu bila kupoteza udhibiti.

Kampuni yenye mkopo wa benki au wanahisa wasio mezani inahitaji zaidi ya hapo. Kila ingizo la jarida lisilo na ankara liwe na maelezo yanayoeleweka na mtu ambaye hakuwepo, na liidhinishwe na asiyeliandaa. Ningeweka nguvu ya ukaguzi hapa kuliko kwenye risiti za mafuta. Zile za mafuta tayari zina macho ya KRA.

Upande wa serikali, eTIMS imeshinda hoja ya ushahidi wa nje na hakuna faida ya kurudi kwenye vitabu vya risiti. Ambacho haijakitatua ni yule muuzaji mdogo asiye na sababu ya kudai ankara. Bunge lingeweza kumpa sababu, tuseme kwa kumpunguzia kodi ya mauzo kidogo kulingana na ankara za manunuzi anazokusanya. Hilo lingepunguza mapato ya serikali na kuongeza kazi ya ukaguzi kwa kodi iliyobuniwa iwe rahisi. Desemba 2024 Bunge likachagua njia nyingine: kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 5 kwa mwaka, mnunuzi ndiye atoe ankara. Mkahawa wa Westlands umeokolewa, maana sukuma wiki ya soko la Kangemi sasa inaweza kuingia kwenye matumizi yake kihalali. Mama mboga aliyeiuza, kwa upande wake, ana mauzo yanayoandikwa na mteja na kutunzwa na KRA. Siku atakapohitaji mkopo au kubishana kuhusu kiasi alichouza, atakuwa anasoma hesabu zake kutoka kwenye vitabu vya watu wengine wawili.